Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Afya ya Uzazi kwa Vijana

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita mlituagiza tuwafikie vijana walio katika umri wa balehe kwenye familia zenye kipato kidogo, na agizo hilo ndilo lililochukua sehemu kubwa ya mwaka wetu. Tulianza kwa mihadhara. Vijana walisikiliza kwa adabu, wakaondoka bila kuuliza lolote, hadi tulipoweka sanduku la maswali yasiyo na majina. Wengi walitaka kujua nani atawaona wakiingia kliniki, kama mzazi ataambiwa, na nauli itatoka wapi.

Nimeyasoma maswali hayo yote, na yaliyonihuzunisha zaidi ni yale yaliyohusu kuchelewa. Dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kubakwa, au baada ya kondomu kupasuka, hutakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kisha zimezwe kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hutumika ndani ya siku 5, na hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahiwa. Binti anayengoja mama yake alipwe kibarua ndipo apate nauli, saa hizo humpita huku akijua fika anachopaswa kufanya. Kwa sababu hiyo tulipunguza mihadhara, tukawaandaa waelimishaji rika wajue kumfikisha mwenzao siku hiyo hiyo kwa mhudumu anayetunza siri, na wajue pia ni mtu mzima gani wa kumwita pale palipotendeka ukatili.

Wavulana tuliwasahau mwanzoni, na kosa hilo nalikiri kama kiongozi wenu. Klamidia na kisonono, ambayo ni magonjwa ya zinaa, vinaweza kukaa mwilini bila dalili, hasa kwa wasichana, na visipotibiwa vikaharibu mirija ya uzazi. Kumtibu msichana peke yake na kumwacha mwenzi wake ni kumrudisha kwenye maambukizi yale yale.

Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba tunawafundisha watoto uasherati. Hofu yao inatokana na upendo, nasi tuliijibu kwa heshima: mwongozo wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, uliorekebishwa mwaka 2018, baada ya kupitia tafiti nyingi, unaeleza kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Mazungumzo yalikuwa mepesi zaidi kuhusu chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi 1 badala ya 2 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na kwa familia inayohesabu kila safari, kupungukiwa na safari moja ni nafuu kubwa.

Kamati inaomba idhini yenu ya kutenga mfuko mdogo wa nauli za dharura, utakaotolewa bila kijana kulazimika kueleza sababu mbele ya watu. Mweka hazina atawasilisha makadirio yake mara baada ya taarifa hii, kisha mtapiga kura.