Bunduki ya wenzo, hewa ya chumvi na mafuta yaliyozidi

Kila masika yanapokatika, wateja huja karakanani na lalamiko lile lile: "Fundi, bunduki imekuwa nzito kukoki, na risasi ya pili inakwama." Mara nyingi ni Winchester 94 au Marlin 336, zile za kuwindia zenye wenzo chini ya kifyatulio, na si ajabu ikawa ni ya urithi kutoka kwa baba. Mwenyewe anadhani silaha imezeeka. Tukiifungua mbele yake tunakuta mafuta, tena mengi mno, yameshika vumbi na kuganda kama ulimbo. Na pale ambapo mafuta hayakufika, chini ya mbao za mtutu, kutu imeshaanza kazi.

Anayekaa Msasani au Kigamboni anajua magrili ya madirisha yake yanavyoliwa. Hewa hiyo hiyo inaingia hadi kabatini. Kwa hiyo watu wanajihami kwa kumimina mafuta, na wengine wanaifungia bunduki kwenye mkoba wake wa ngozi mwaka mzima. Mkoba ni wa safari tu, jamani. Ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatisha chuma, na dawa zilizotumika kuisindika nazo zinachangia kutu. Itoe, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki, isimamishe kwenye sefu mdomo wa mtutu ukiangalia chini, ili mafuta yasitiririke kwenye kitako yakalainisha mbao. Weka na vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe vikishiba. Mafuta ya kupikia hapana kabisa. Yale ya kopo la kupuliza yanayolegeza nati zilizoganda yanafaa kufukuza maji ukinyeshewa, lakini si kinga ya miezi.

Sasa kusafisha. Hapa ndipo bunduki hizi zinapotofautiana na zile za bolti, na ndipo wengi wanapoziumiza. Bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, unaivuta nyuma, unapitisha mdeki (fimbo ya kusafishia) kutoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulia. Kwenye Winchester 94 huwezi, kwa sababu nyuma kumezibwa, hivyo mtu anasukumia mdeki kutoka mdomoni, na kila mara chuma kinasugua ukingo wa mtutu. Ukingo ndio kitu cha mwisho risasi inachogusa. Ukichakaa upande mmoja, shabaha inayumba hata ukilenga vipi. Tumia kamba ya kuvuta: idondoshe kutoka chemba, ivutie mdomoni. Kama huna budi kutumia mdeki, weka bushi ya kuuongoza.

Marlin ina bahati yake. Fungua wenzo kiasi, toa skrubu moja inayoushikilia, vuta wenzo, kisha bolti inatoka nyuma. Angalia tu kile kipande chembamba kinachorusha ganda, kipo upande wa kushoto ndani na kitadondoka bila kukuaga. Tumeshaletewa Marlin isiyotoa maganda kwa sababu kipande hicho kilibaki chini ya kochi la mtu. Na bisibisi iwe inayojaa sawasawa kwenye mkato wa skrubu, siyo ile ya kufungia soketi za umeme.

Kuhusu kukwama, chanzo cha kwanza ni mkono wa mpigaji. Wenzo unasukumwa mpaka mwisho na kurudishwa mpaka mwisho, bila woga. Ukiubembeleza, ganda halitoki vizuri na risasi mpya haipandi. Lakini kwenye Marlin iliyotumika sana kuna ugonjwa mwingine: ncha ya wenzo inachimba kijishimo kwenye kile kipande kinachopandisha risasi, mwendo wao unaachana, risasi ya pili inapenya chini yake na kila kitu kinafunga. Hiyo usiilazimishe kwa nguvu. Tuletee, inatengenezeka.

Magazini ya bomba, lile linalohifadhi risasi chini ya mtutu, nayo iwe kavu. Mafuta mle ndani yanavuta vumbi, yanadhoofisha springi kwa uchafu, na yakipenya kwenye fataki (kile kidude cha kitako cha risasi kinachowasha baruti) risasi inaweza kukataa kulia. Katika bomba hilo risasi zimelala moja nyuma ya nyingine, ncha ikigusa fataki ya iliyo mbele, na ncha kali ikiigonga inaweza kuilipua. Ndiyo maana risasi za ncha kali za chuma haziruhusiwi humo; tumia zenye ncha bapa, au zile zenye ncha laini ya plastiki zilizotengenezwa mahsusi kwa bunduki hizi. Winchester 1895, ambayo Theodore Roosevelt alikuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1909, ina magazini ya sanduku na kwa hiyo haina shida hiyo. Mtu akikutolea mfano wa Roosevelt, mwambie ile ni nyingine.

Kupakua pia kuna hatari yake. Nyingi za zamani hazina kitufe cha usalama. Marlin ilianza kukiweka miaka ya 1980 na Winchester miaka ya 1990. Kabla ya hapo ulikuwa na nyundo ya nusu-koki tu, yaani iliyovutwa nusu njia ikanaswa hapo. Kukoki mpaka "ziishe" hakutoshi, maana springi ikinata risasi moja inabaki ndani ya bomba. Elekeza mtutu mahali salama, ondoa kidole kwenye kifyatulio, fungua wenzo, tazama, kisha ingiza kidole chemba na kwenye mdomo wa magazini.

Ukija kwetu, njoo mwenyewe mwenye leseni, nayo iwe mkononi. Bunduki iwe tupu ndani ya mkoba, risasi ziache nyumbani. Hatupokei silaha iliyoletwa na dereva, shemeji au bodaboda, hata ukipiga simu kutuhakikishia. Bei tunaitaja tukishaifungua nawe ukiona, na kabla ya msimu wa kuwinda foleni inakuwa ndefu, hivyo ukiweza lete mapema.