Tukalale Lukuledi, ila choo kiko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Siku hizi vijana wa hapa Lindi mjini wanapenda kubeba mahema wakalale kandokando ya Mto Lukuledi, kwenye mikoko, karibu na unapomwaga maji ghubani. Nami, uzee na yote, nilifuatana na wajukuu.

Siku tuliikosea. Ulikuwa mwezi mpevu, na mwezi mpevu ni bamvua, yaani bahari hujaa kupita kawaida. Maji ya kwetu hupanda hata zaidi ya mita 3. Saa 10 alfajiri yakatukuta hemani, sufuria ya wali inaelea. Mvuvi yeyote wa Kitunda, hapo ng'ambo ya ghuba, angetuonya, lakini nani alimuuliza?

Wenye dhamana watenge kiwanja mahali maji ya bamvua hayafiki, wachimbe choo, na wamweke mwenyeji mmoja, alipwe chochote, awaonyeshe wageni pa kulala. Jingine lililoniuma: tulikuta mikoko imekatwa kuni za kuchomea nyama, nayo ni msitu wa hifadhi tangu enzi za mkoloni. Mkaa tubebe wenyewe kutoka nyumbani. Kifuko kimoja hakilemei kuliko hema.

Babu wa wajukuu wanne,
Lindi