Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Moshi: wenye vihamba wanarudi Desemba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salamu kutoka Kibosho, huku juu lami inakoishia.

Ukitaka kujua chanzo cha ugomvi wa huku mlimani, usianzie polisi, anzia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa watoto, kikagawanywa tena kwa wajukuu, na leo wengine wamebaki na nyumba, zizi na makaburi. Kwa mila yetu Wachaga kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi. Lakini kitinda mimba yuko Dar. Anayekaa na mama na kukata majani ya ng'ombe ni dada aliyeachika. Hapo ndipo moto unapowaka.

Mpaka wetu ni masale, mimea ya majani marefu tunayoipanda kuzunguka shamba. Jani la sale ndilo tunalompelekea mtu tukimwomba msamaha, na sale hilohilo linang'olewa usiku na kupandwa hatua mbili ndani ya shamba la jirani. Asubuhi udongo bado mbichi, kila mtu anauona, ila shahidi hakuna. Wiki haiishi, migomba ya upande wa pili inakutwa imelazwa chini na mikungu yake michanga.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitupa Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Kazi yao ni kusuluhisha tu, na tangu marekebisho ya 2021 hata baraza la kata halitoi uamuzi. Sasa utasuluhisha vipi watu ambao mmoja yuko Mbagala na mwingine Mwanza? Wanaishia kutukanana kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, mama anasomewa na wajukuu.

Desemba wanarudi wote. Mbuzi wanachinjwa, na ndugu hao wanakaa meza moja, mpaka wanaougombea uko nyuma ya jiko. Siku hizohizo ndizo ofisi za umma zinapumzika. Aliyepanga kalenda hiyo hakuwa Mchaga.

Ombi langu ni hili: kuanzia Krismasi hadi mwanzoni mwa Januari, tuletee afisa ardhi na mpima, kata kwa kata, wakae na mabaraza ya vijiji. Najua si kazi yako kuyaambia mabaraza yaseme nini, na hatuombi hivyo. Tunaomba wito wako. Aliyepuuza wa mwenyekiti wa kitongoji, wako atauitikia. Wakikubaliana, mpaka upimwe palepale, maandishi yasainiwe, na safari ya hati ya hakimiliki ya kimila ianze, na dada naye aandikwe. Maofisa wafidiwe likizo yao Februari, kwani ndugu zetu wakishapanda basi hatuwapati tena mpaka utokee msiba.

Chakula na malazi tutawapa. Ila mvua ikinyesha gari halipandi huku, waje na pikipiki.

Mkazi wa Kibosho