Njia za kutibu meno ya watoto bila mashine zisiachwe baada ya korona

Mhariri,

Aprili 2020 Mombasa ilikuwa imefungwa, shule zimefungwa, na kafyu ilikuwa ikianza saa moja jioni. Binti yangu, miaka mitano wakati huo, alikuwa akishinda nyumbani na mabuyu mdomoni (kosa langu, nilitaka anyamaze). Jioni moja akanywa maji baridi, akashika shavu na kupiga kelele.

Nilimpigia daktari wake wa meno. Akaniambia tusije kwanza: nimmulike mtoto kwa tochi ya simu, nivute shavu kwa mpini wa kijiko, nimtumie picha. Nilipiga nane, saba zikatoka ulimi mtupu. Ya nane ilionyesha tundu kwenye gego la utotoni, bila uvimbe.

Siku aliyotuita, tulisubiri nje mpaka tupigiwe simu. Midoli ya pale mapokezi ilikuwa imeondolewa yote. Daktari alikuwa amejifunika kuanzia utosini, barakoa juu ya barakoa, ila kifuani alikuwa amebandika picha yake akicheka. Binti yangu aliitazama picha, akayatazama macho nyuma ya kioo, akaniuliza, "Mama, ndiye yule yule?"

Mashine ya kutoboa haikuguswa, kwa sababu hurusha maji na mate hewani kama ukungu, nao ndio uliokuwa ukihofiwa kubeba virusi. Daktari alikausha jino, akalipaka kwa kibrashi dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floraidi. Hakuna sindano, hakuna ganzi. Tundu likawa jeusi kama kaa, hata bibi yake akauliza nani kampaka mtoto wino. Lakini uozo ulisimama, na jino hilo lilikaa mpaka likang'oka lenyewe wakati wake ulipofika.

Nasimulia haya kwa sababu hivi majuzi nilimpeleka mdogo wake kwenye kliniki nyingine. Neno la kwanza lilikuwa mashine, la pili kumlaza usingizi kwa dawa. Nilipouliza kuhusu ile dawa nyeusi nikajibiwa, "Hiyo ilikuwa ya wakati wa korona."

Si kweli. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Na njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, kisha kuziba kwa saruji ya meno inayotoa floraidi, bila umeme wala maji ya bomba, ilianzia hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Iko pia kofia ya chuma, ambayo jino la utotoni huvishwa bila kuchongwa. Korona ilizitoa kabatini tu.

Najua haziponyi kila jino. Uozo ukishafika kwenye mshipa, au shavu likivimba, dawa ya kupaka haitoshi, na weusi ule wazazi wengine hawautaki, hasa jino la mbele. Basi tuelezwe. Tutajiwe njia zote na bei ya kila moja kabla mtoto hajapandishwa kwenye kile kiti.

Huyu mdogo ana tundu moja, gego la chini kushoto. Tumepata miadi kwingine, Jumanne.

Mama wa watoto wawili,
Kisauni, Mombasa