Barua kwa mwanangu: Gideoni usimpambe

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepangiwa zamu ya shule ya Jumapili, somo ni Gideoni, nawe unasema mtu mwoga kama wewe atawaambia nini watoto kuhusu shujaa. Basi somo umeshalishika bila kujua. Fungua Waamuzi 6, anzia mstari wa 11, wala usirukie wale watu 300.

Gideoni anapura ngano ndani ya shinikizo la zabibu. Hapo tulia, maana watoto wa mjini hawajaona uwanja wa kupuria. Ngano hupurwa mahali pa wazi palipoinuka, kwa sababu upepo ndio unaopeperusha makapi. Shinikizo ni shimo lililochongwa kwenye mwamba, watu hukanyagia zabibu humo, upepo hauingii. Neno la Kiebrania lililotumika pale ni la kupiga kwa fimbo, lile lile la Ruthu alipopura masazo yake: kazi ya mwenye nafaka kidogo, asiye na ng'ombe wa kuikanyagia. Na kwa kuwa ngano huvunwa kabla zabibu hazijaiva, shinikizo wakati ule ni tupu, Mmidiani, adui anayewaonea Israeli, hana sababu ya kuchungulia. Kwa miaka saba wamekuwa wakija na ngamia wao na kumaliza mazao yote. Sasa huyu amejibanza shimoni, makapi yamemjaa shingoni, ndipo malaika anamwita shujaa. Watoto wakicheka, waache wacheke.

Agizo la kwanza linamhusu baba yake: abomoe madhabahu ya Baali ya mzee Yoashi na kuikata Ashera, nguzo ya ibada ya sanamu, iliyo kando yake. Gideoni anachukua watumishi kumi na kuifanya kazi usiku, na Biblia haimfichi: aliogopa watu wa nyumbani na wa mjini. Madhabahu ilianguka vile vile. Asubuhi mji ulipotaka auawe, aliyemtetea ni Yoashi mwenyewe, akisema Baali kama ni mungu na ajitetee. (Sisi wazazi huwa tunajua zaidi ya mnavyodhani.)

Kwenye ile ngozi ya kondoo, aliyoiweka nje usiku kumwomba Mungu ishara, walimu wengi huteleza. Huwafundisha vijana kumwekea Mungu ngozi kabla ya kuchukua kazi au mchumba. Angalia mpangilio: Gideoni ameshatumwa, ameshaahidiwa ushindi, Roho ameshamjia, na tarumbeta ameshapiga. Hatafuti kujua mapenzi ya Mungu, anayajua. Moyo ndio unaogoma. Tena ngozi kulowa umande ni jambo la kawaida, alikamua bakuli zima, na labda ndiyo maana usiku wa pili akageuza: ardhi ilowe, ngozi ibaki kavu. Mungu alimvumilia. Uvumilivu huo wafundishe, lakini ngozi usiwafundishe kuwa njia ya kuuliza.

Hesabu ifanye kwa maharage, kilo moja ya yale madogo inatosha. Punje moja ni watu 100. Weka punje 320 mezani, hao ndio 32,000 waliokusanyika kwenye chemchemi ya Harodi. Anayeogopa arudi nyumbani: ondoa 220. Wanabaki 100. Wapelekwe majini, wabaki walioramba tu: ondoa 97. Zinabaki punje tatu. Upande wa pili mwaga punje 1,350, kwa maana sura ya 8 inataja Wamidiani na wenzao 135,000. Hizo zihesabu Jumamosi nyumbani uzifunge kwenye mfuko. Ukizihesabia darasani kipindi kitakwisha.

Utasikia wahubiri wakisema wale 300 walioramba maji walikuwa hodari wenye macho makali. Andiko halisemi hivyo. Sababu imeandikwa waziwazi, 7:2, Israeli wasije wakajisifu kwamba wamejiokoa kwa mkono wao. Lililo zito zaidi kwako liko kwenye mchujo wa kwanza: waoga 22,000 wamerudishwa, na mwoga mmoja amebaki, naye ndiye kiongozi. Mungu anajua. Usiku ule anamwambia, kama unaogopa kushuka peke yako, nenda na Pura mtumishi wako. Gideoni akamchukua Pura. Jibu alilitoa kwa miguu.

Vita yenyewe ieleze kwa mikono. Makundi matatu ya watu mia mia, mwanzo wa zamu ya kati, kwa saa zetu kama saa nne usiku, walinzi wa kambi wamebadilishana sasa hivi. Kila mtu ana tarumbeta na mtungi wenye mwenge ndani. Mitungi inavunjwa, mwenge unabaki mkono wa kushoto, tarumbeta mkono wa kulia. Mwite mtoto mmoja asimame hivyo, kisha muulize upanga ataushika kwa mkono upi. Moto halisi usiwashe. Tochi ndani ya boksi yatosha.

Wadogo ishia hapo. Wakubwa wapeleke sura ya 8, wasije wakadhani Mungu akimtumia mtu basi amemmaliza kumtengeneza. Tangu vita ianze, sauti ya Mungu kwa Gideoni haisikiki tena katika masimulizi. Watu wa mji wa Sukothi wanamnyima mikate, naye anarudi kuwaadhibu wazee wao 77 kwa miiba. Katika mji wa Penueli anaua watu. Ufalme anaukataa kwa maneno mazuri, halafu palepale anaomba hereni za nyara: shekeli 1,700 za dhahabu, karibu kilo 20. Anatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, anaiweka mjini kwake Ofra, Israeli wote wanaiendea kuiabudu. Mtoto wake wa suria wa mji wa Shekemu anamwita Abimeleki, maana yake "baba yangu ni mfalme". Huyo ndiye aliyekuja kuwaua ndugu zake, wana 70 wa Gideoni, juu ya jiwe moja. Yothamu pekee aliponyoka.

Ona ni udhaifu gani uliomwangusha. Woga aliusema mapema na kuulilia, kila mara akapewa msaada wake: ishara, ndoto ya mkate wa shayiri aliyoisikia ikisimuliwa kambini kwa adui, Pura wa kwenda naye. Hamu ya heshima hakuileta mbele za Bwana hata mara moja. Wewe umeniandikia woga wako, sawa, huo umeshatajwa. Ile hasira yako ya darasani mtoto akikukatiza, hiyo hukuiandika.

Mtoto akikuuliza kama Gideoni alikuwa mzuri au mbaya, mfungulie Waebrania 11:32. Jina lake limo, la kwanza kabisa katika mstari ule, mbele ya Samsoni na Daudi. Wala naivera haijafutwa kutoka Waamuzi 8. Msomee zote mbili.

Na maharage yakibaki, yapike.

Mama yako