Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nanoteknolojia, Ubongo na Tamko la Chama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaoisha. Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha nazo. Mihadhara ya wazi ilifanyika kama ilivyopangwa, jarida lilitoka mara mbili, kikundi cha usomaji kiliendelea chini ya Makamu Mwenyekiti, na kikao na wauguzi wa wodi za magonjwa ya neva kilifana. Mhadhara kuhusu kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo niliuandaa na kuutoa mwenyewe baada ya mzungumzaji kujitoa siku chache kabla. Waliohudhuria wanajua ulivyopokelewa.

Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu Tamko letu juu ya matumizi ya chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, katika ubongo wa binadamu. Linataka ridhaa ya mgonjwa iwe wazi, na matumizi kwa watu wenye afya yasimamishwe kwanza. Limejadiliwa sana pembeni na kidogo mno kwenye vikao, na wapo wanaodai Kamati Tendaji ililipitisha kinyemela. Madai hayo siyakubali, na nitaeleza kwa nini.

Daftari letu lina wanachama 214. Akidi ya mkutano mkuu ni theluthi moja, yaani 72. Mkutano wa kwanza walifika 41, na ulipoitishwa tena wakafika 38. Katiba inasema akidi ikikosekana mara mbili, Kamati inaweza kuamua. Ikaamua kwa kura saba dhidi ya mbili, na hoja za wawili waliopinga zimo kwenye muhtasari, neno kwa neno, kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza ziandikwe hivyo.

Pingamizi lililonigusa zaidi halikuhusu utaratibu. Mwenzetu mmoja mwenye ugonjwa wa Parkinson, ambaye siku ile alimwomba Katibu amwandikie jina kwenye karatasi ya mahudhurio kwa kuwa kalamu ilikuwa inamtoka mkononi, alisimama akasema kwamba sisi tunaweza kusubiri, yeye hawezi. Aliyekuwepo hakusahau. Ndiyo maana Tamko halikatazi tiba, na nawasihi wanaolisema vibaya walisome kwanza. Dawa nyingi zinazofaa kwenye maabara hugota kwenye kizuizi kile cha damu na ubongo. Chembe ya nano, iliyopimwa kwa sehemu za bilioni za mita na kuvikwa utando unaofaa, inaweza kuivusha dawa hadi upande wa pili. Kwa mwenye uvimbe wa ubongo au Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, hilo ni tumaini la kweli, na Tamko linasema majaribio ya tiba yaendelee chini ya usimamizi.

Tunachodai kinahusu ridhaa. Tangu Kanuni za Nuremberg za 1947, anayeshiriki utafiti ana haki ya kujitoa. Haki hiyo ina maana gani kwa mtu ambaye chembe zimeshatawanyika katikati ya seli za neva zipatazo bilioni 86? Elektrodi, yaani waya mwembamba wa umeme unaopandikizwa kwenye ubongo, pamoja na hatari zake, daktari wa upasuaji anaweza kuichomoa. Chembe zilizosambaa hakuna anayeweza kuzikusanya moja moja. Mgonjwa anaweza kusaini fomu ya kujitoa leo, utafiti ukasimama, na vitu vile vikabaki kichwani mwake. Na ubongo una njia nyingine za kufikiwa: mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba chembe laini za kaboni zilizovutwa na panya kwa pua zilifika hadi sehemu ya ubongo inayoshughulikia harufu. Kwa hiyo tunataka fomu ya ridhaa iseme wazi, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, ni kipi kinaweza kuondolewa na kipi hakiwezi, na nani atamhudumia kampuni ikifungwa.

Hilo la kampuni kufungwa hatukulibuni. Watu zaidi ya 350 wenye upofu walipandikizwa kifaa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambao ni sehemu ya mfumo mkuu wa neva, na kampuni moja ya Marekani. Kampuni ikaacha kukitengeneza, mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, na watu wakabaki na kifaa ndani ya jicho bila fundi wala vipuri. Hicho ni kifaa kinachoonekana kwa macho. Chembe za nano je?

Upande mwingine wapo waliotuona waoga kwa kutaka matumizi kwa watu wenye afya yasimamishwe kwanza. Walisema hizo ni hadithi za kubuni. Mwaka 2019 panya walidungwa chembe za nano machoni wakaweza kuona mwanga wa infraredi ambao kwa maumbile hawauoni. Mwaka huohuo shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilifadhili timu sita kutafuta njia ya kuunganisha ubongo wa askari mwenye afya na mashine bila upasuaji, na mojawapo ya njia zilizopendekezwa ilitegemea chembe za nano. Askari hupokea amri. Ridhaa yake tutaipimaje mbele ya mkuu wake? Swali hili nililiandika mimi katika rasimu ya kwanza, na nafurahi Kamati ililiacha.

Wala hatuko peke yetu. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba yake mwaka 2021, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kampuni ifute data za ubongo wa aliyekuwa seneta. Mwaka 2025 UNESCO ilipitisha pendekezo kuhusu maadili ya teknolojia ya neva. Waliosema tunakiaibisha chama wayatazame hayo.

Nije kwenye ada, ingawa nimechoka kulisema hili kila mwaka. Waliolipa ni 89. Wanachama 52 hawajalipa kwa miaka miwili mfululizo. Makusanyo hayakufikia nusu ya makadirio, ndiyo maana toleo la tatu la jarida halikutoka. Barua ya kupinga Tamko ilikuwa na sahihi 23; kati ya hao, 14 wanadaiwa. Kila mmoja ana haki ya kutoa maoni, lakini kura ina masharti yake, na masharti hayo tuliyapitisha sisi wenyewe.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuandaa mwongozo mfupi wa ridhaa kwa familia za wagonjwa, na kuwafikia vijana wa vyuo wanaosomea uhandisi, ambao ndio watakaovitengeneza vitu hivi. Wafadhili bado tunawatafuta.

Tamko litakuwa ajenda ya kwanza ya mkutano mkuu ujao. Anayetaka kifungu cha ridhaa kibadilishwe alete pendekezo lake kwa maandishi kwa Katibu, alipe ada, na afike.

Mwenyekiti