Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Vijana tuingie kwenye kamati za misitu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Uvinza. Naomba uziagize halmashauri zetu kwamba kila kijiji kinachopakana na msitu kiwe na vijana kwenye kamati yake ya maliasili, na kwamba mpango wa matumizi bora ya ardhi usipitishwe kabla wazee wa Kitongwe, kabila la wenyeji wa misitu hii, hawajatembea kwenye mipaka pamoja na vijana hao.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika uko msitu wa Kongo, wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Amazon. Huku kwetu kuna misitu ya mabondeni ya Gombe na Mahale, na katikati yake miombo ya Masito na Ugalla. Sokwe mtu wengi wa Tanzania hawaishi ndani ya hifadhi za taifa. Wako huko Masito na Ugalla, kwenye misitu ambayo hatima yake huamuliwa na vikao vya kijiji na vya halmashauri.

Mwaka 1965 Mjapani Toshisada Nishida alipoanza kuwachunguza sokwe wa Mahale, waliomwongoza porini walikuwa Watongwe. Walijua mti kwa jina lake na tunda lake linaiva lini, na majina ya Kitongwe ya miti hiyo yakaingia katika orodha za mimea zilizochapishwa na watafiti. Miaka ya 1970 Watongwe wakahamishwa milimani kupelekwa vijijini. Mwaka 1985 Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa, na sehemu za matambiko yao zikabaki ndani. Siombi hifadhi ifutwe, naipenda. Ninachoomba ni kwamba wanaoujua msitu huu kwa kurithi waulizwe wakiwa bado hai, na wa kuyapokea maneno yao tuwe sisi wajukuu.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Lakini kamati ikichaguliwa tunaambiwa bado watoto; moto ukiwaka kiangazi, wa kwanza kuitwa na matawi mabichi mkononi ni sisi. Hata tanuri za mkaa, wengi wanaozichoma ni wenzetu waliokosa kazi nyingine. Tunawajua, tunajua na shida zao, na kijana mwenzao atasikilizwa pale ambapo faini haijawahi kusaidia.

Roots & Shoots, mpango wa mazingira wa vijana ulioanzishwa na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960, ulianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu, leo uko nchi nyingi. Kwa hiyo kijana kuusemea msitu si jambo la kigeni hapa. Kupanda miche Siku ya Mazingira tunaitwa kila mwaka, Mheshimiwa. Tuiteni na siku ya kuchora ramani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Kijana wa Uvinza